Sakata la Msikiti wa Park Place: Sheria Ilisimama, Ujirani Ukalegalega

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mwaka 2010 Wamarekani waligawanyika kwa miezi kadhaa kuhusu jengo ambalo halikuwahi kujengwa. Jengo hilo lilikusudiwa kusimama katika mtaa wa Park Place, kusini mwa Manhattan jijini New York, mitaa miwili tu kutoka mahali ilipoporomoka minara ya World Trade Center tarehe 11 Septemba, 2001. Waliolibuni waliliita kituo cha jamii chenye ukumbi wa ibada. Waliolipinga waliliita msikiti wa Ground Zero, na jina hilo ndilo lililoenea duniani.

Sakata hilo lilimalizika bila hukumu yoyote ya mahakama kuwakataza waumini kujenga, na bila amri yoyote ya Serikali kuwazuia. Hata hivyo, kituo kilichokusudiwa hakikusimama. Ndiyo maana suala hili linastahili kuangaliwa upya kwa utulivu, kwani linaonesha tofauti iliyopo kati ya haki inayolindwa na sheria na amani inayojengwa na ujirani. Linaonesha pia kazi ya mamlaka za umma inaanzia wapi na inaishia wapi.

Waislamu hawakuwa wageni katika eneo hilo. Msikiti uitwao Masjid Manhattan, ulio mitaa michache kutoka ilipokuwa minara, ulianzishwa mwaka 1970, kabla minara yenyewe haijafunguliwa rasmi. Imamu Feisal Abdul Rauf, mmoja wa waasisi wa wazo la kituo kipya, alikuwa tayari akiongoza ibada katika msikiti mwingine wa Manhattan ya chini. Ndani ya mnara wa kusini wenyewe kulikuwa na chumba walichokitumia Waislamu kwa sala, na miongoni mwa watu 2,753 waliouawa New York siku ile wamo Waislamu. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wa kazi ya polisi, kijana mwenye asili ya Pakistan, aliyekimbilia kuokoa watu asirudi. Kabla mabaki yake hayajatambuliwa, minong'ono ilimhusisha na wahalifu waliomuua.

Jengo la zamani la Park Place lilikuwa la karne ya 19 na lilitumika kama duka la nguo. Siku ya shambulio, sehemu ya magurudumu ya moja ya ndege ilitoboa paa lake, na duka likafungwa. Mwaka 2009 kampuni ya mfanyabiashara Sharif El-Gamal ililinunua, na waumini wakaanza kuswali humo. Mpango uliofuata ulikuwa kujenga kituo cha ghorofa 13 kwa gharama iliyokadiriwa kufikia dola za Marekani milioni 100. Ndani yake kungekuwa na ukumbi wa watu 500, bwawa la kuogelea, mahali pa kulelea watoto, eneo la kuwakumbuka waliouawa tarehe 11 Septemba na sehemu ya ibada. Kwanza kiliitwa Cordoba House, baadaye Park51.

Utaratibu wa kisheria ulikuwa mwepesi kuliko kelele zilizouzunguka. Kiwanja kilikuwa mali binafsi, na kanuni za mipangomiji ziliruhusu matumizi hayo. Tarehe 25 Mei, 2010 Bodi ya Jamii ya eneo hilo, chombo cha ushauri kinachowakilisha wakazi, iliunga mkono mpango kwa kura 29 dhidi ya moja, huku wajumbe 10 wakijizuia kupiga kura. Swali pekee lililobaki lilikuwa kama jengo la zamani lilistahili kuhifadhiwa kama urithi wa kihistoria, jambo ambalo lingezuia lisibomolewe. Tarehe 3 Agosti, 2010 Tume ya jiji inayosimamia uhifadhi wa majengo ya kihistoria iliamua kwa kura tisa bila kupingwa kwamba halikustahili hadhi hiyo. Mtu mmoja aliyekuwa askari wa zimamoto alikwenda mahakamani kuupinga uamuzi huo. Mwaka 2011 shauri lake likatupwa kwa kuwa hakuwa na sifa ya kisheria ya kulifungua.

Siku Tume ilipoamua, Meya wa New York, Michael Bloomberg, alihutubia akiwa amezungukwa na viongozi wa dini mbalimbali. Alikumbusha kuwa askari wa zimamoto waliopanda ngazi za minara iliyokuwa ikiwaka hawakuwauliza waliokuwa ndani wanasali kwa Mungu yupi. Siku kumi baadaye, katika futari iliyoandaliwa Ikulu ya Marekani, Rais Barack Obama alisema Waislamu wana haki ya kuabudu sawa na raia wengine wote, ikiwemo haki ya kujenga mahali pa ibada katika kiwanja chao kwa kufuata sheria. Kesho yake alifafanua kuwa alizungumzia haki, na hakuwa ametoa maoni kama ni busara kuitumia haki hiyo mahali pale.

Ufafanuzi huo ulikosolewa na pande zote mbili, lakini uligusa kiini cha mgogoro. Wapinzani wengi hawakudai kwamba sheria inakataza. Walidai kwamba si kila kinachoruhusiwa kinafaa. Kura ya maoni iliyofanywa Agosti 2010 kwa niaba ya kituo cha televisheni cha CNN ilionesha kuwa asilimia 68 ya Wamarekani walioulizwa walipinga mpango huo. Miongoni mwao walikuwamo wazazi na wajane ambao hawakupata hata kipande cha mwili wa kuzika, na ambao kwao eneo lile lilikuwa kaburi. Familia nyingine zilizofiwa siku hiyo hiyo ziliunga mkono ujenzi. Msiba ulikuwa mmoja, lakini waliofiwa hawakuwa na sauti moja, na aliyedai kusema kwa niaba yao wote alikuwa akijipa mamlaka asiyokuwa nayo.

Wapinzani wenye hoja nzito walirejea mfano wa Auschwitz, nchini Poland, ambako Wanazi waliwaua watu zaidi ya milioni moja, wengi wao Wayahudi. Mwaka 1984 watawa wa Kikarmeli walihamia katika jengo linalopakana na kambi hiyo ili wawaombee waliouawa. Nia yao haikuwa mbaya, lakini Wayahudi wengi waliona msalaba ukiwekwa juu ya kaburi lao. Baada ya miaka ya mvutano na makubaliano yaliyocheleweshwa, mwaka 1993 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwataka watawa hao wahame, nao wakahama.

Mfano huo una uzito, ila unahitaji kusomwa wote. Watawa hawakuondolewa kwa sababu Ukristo ulishtakiwa kwa mauaji ya Auschwitz, wala hawakuhamishwa kwa nguvu ya dola. Walihama kwa wito wa kiongozi wa kanisa lao, baada ya mazungumzo kati ya viongozi wa dini mbili. Katika Park Place, hoja iliyosikika kwa sauti kubwa zaidi ilikuwa tofauti. Ilisema kuwa waliofanya shambulio walikuwa Waislamu, hivyo Waislamu wakae mbali.

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapoingia katika habari hii. Kundi la al-Qaeda lililoishambulia New York ndilo lililolipua balozi za Marekani Dar es Salaam na Nairobi asubuhi ya tarehe 7 Agosti, 1998. Dar es Salaam ilipoteza watu 11 na wengine 85 wakajeruhiwa, huku Nairobi ikipoteza watu 213 na maelfu wakijeruhiwa. Katika majiji yote mawili waliofikwa na msiba huo walikuwa watu wa dini tofauti, na walizikwa kila mmoja kwa taratibu za imani yake.

Miezi ileile ya mwisho ya mwaka 2010, huku mjadala wa msikiti ukiendelea, Mtanzania Ahmed Khalfan Ghailani alikuwa akijibu mashtaka ya milipuko hiyo katika mahakama ya shirikisho ya Manhattan, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Park Place. Novemba 2010 alitiwa hatiani kwa shtaka moja la kula njama na kuachiwa kwa mashtaka mengine zaidi ya 280. Januari 2011 akahukumiwa kifungo cha maisha. Ndani ya mahakama swali lilikuwa mtu huyu alifanya nini. Barabarani swali lilikuwa watu wa dini hii wakae umbali gani. Swali la kwanza lilikuwa na ushahidi, mawakili na kikomo. La pili halikuwa na kikomo chochote.

Ushahidi kwamba halikuwa na kikomo ulionekana mapema. Mwaka huohuo, katika mji wa Murfreesboro, jimbo la Tennessee, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka New York, Waislamu waliopata kibali cha kujenga msikiti walikabiliwa na maandamano, na mtambo wa ujenzi ukachomwa moto. Hapakuwa na kaburi la mashujaa karibu, wala mnara ulioanguka. Shauri lilifunguliwa likidai kibali kilitolewa kinyume cha utaratibu, na ilibidi mahakama ya shirikisho iingilie kati mwaka 2012 ndipo waumini waruhusiwe kuingia katika msikiti wao. Msingi wa uamuzi huo ulikuwa sheria ya mwaka 2000 inayozuia mamlaka za mipangomiji kuzibebesha taasisi za dini mzigo usio na sababu nzito. Kama tatizo lingekuwa umbali peke yake, Murfreesboro isingepaswa kuwa na mgogoro.

Lakini sheria isiposimama, hali huwa mbaya zaidi, na hilo lilionekana Nazareti, nchini Israeli. Mwaka 1997, katika maandalizi ya ujio wa Papa mwaka 2000, uwanja ulio karibu na Kanisa la Kupashwa Habari ulipangwa kuwa eneo la wazi la mahujaji. Kundi la Waislamu lilidai kuwa ni ardhi ya wakfu, jirani na kaburi la Shihab al-Din, mpwa wa Salahuddin, na likataka pajengwe msikiti. Wakati wa Pasaka ya mwaka 1999 palitokea mapigano kati ya majirani walioishi pamoja kwa vizazi. Mwaka huohuo Serikali iliruhusu ujenzi, na makanisa yakafungwa siku mbili kwa kulalamika. Mwaka 2002 Serikali nyingine ikausimamisha, na Julai 2003 misingi iliyokwisha kujengwa ikabomolewa. Kila upande ulijifunza kuwa uamuzi unategemea nani yuko madarakani na nani amepiga kelele zaidi. Hakuna somo linalodhuru ujirani kuliko hilo.

New York iliepuka kosa la Nazareti. Mamlaka zake zilisema mapema kinachoruhusiwa, zikakisimamia hata kura za maoni zilipoelekea kwingine. Hata hivyo, kibali cha kisheria hakikuweza kufanya kazi iliyopaswa kufanywa na wajenzi wenyewe. Septemba 2011 El-Gamal alikiri hadharani kuwa kosa lao kubwa lilikuwa kutozihusisha familia za waliouawa tangu mwanzo. Kufikia hapo alikuwa amekwisha kutengana na Imamu Rauf, na fedha za mradi hazikuwa zimepatikana. Ukumbi mdogo wa muda ulifunguliwa ukiwa na maonesho ya picha za watoto wa New York kutoka mataifa mbalimbali. Miaka iliyofuata kiwanja kikajengwa mnara wa makazi ya kifahari.

Kwa Tanzania, msingi wa kushughulikia masuala ya namna hii umekwisha kuwekwa. Ibara ya 3 ya Katiba inaitambua Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini, na Ibara ya 19 inalinda uhuru wa imani na kuabudu, huku ikiweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Maana yake kwa ofisa wa mipangomiji ni kwamba ombi la kiwanja cha msikiti, kanisa au hekalu linapimwa kwa vigezo vilevile: matumizi ya ardhi, usalama, njia, kelele na maegesho. Hapimi itikadi, wala hahesabu ni wangapi wanaoichukia.

Wajibu wa pili ni wa viongozi wa dini na wa mitaa. Mahali penye makaburi, kumbukumbu ya maafa au nyumba ya ibada ya wengine pana hisia ambazo hakuna fomu inayoweza kuzipima. Kikao cha majirani kinachofanyika kabla ya kuchorwa ramani hakipunguzi haki ya mtu yeyote, bali huiwezesha haki hiyo kutumika bila kuacha kovu. Mamlaka inaweza kuitisha kikao na kutoa taarifa sahihi kabla uvumi haujatangulia. Haiwezi, na haipaswi, kuigeuza hasira ya upande mmoja kuwa sharti la kibali.

Septemba 2021, miaka 20 baada ya shambulio, kiongozi wa Anti-Defamation League, taasisi ya Kiyahudi inayopambana na chuki na iliyokuwa imepinga Park51 mwaka 2010, aliomba radhi na kusema msimamo ule haukuwa sahihi. Desemba 2022 Kanisa la Mtakatifu Nikolao la Waorthodoksi wa Kigiriki, lililofukiwa na mnara wa kusini ulipoanguka, lilifunguliwa tena kwa ibada katika eneo lenyewe la World Trade Center. Sala imerudi mahali pale, na hakuna aliyeona kuwa imewavunjia heshima waliokufa. Radhi ya mwaka 2021 ilikuja wakati ghorofa za makazi zikiwa zimekwisha kupanda juu ya kiwanja cha Park Place.