Kuonja Tembo ni Kupima

Mtaalamu wa wiski huko Uskoti hunusa zaidi kuliko anywavyo. Huizimua kwa maji, huivuta harufu yake, huonja kidogo na mara nyingi hutema. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa ni elimu. Lakini mgema wa Mafia atambuaye kwa pua tembo la alfajiri na lile la jana, sisi wasomi humwona mlevi tu. Dharau hiyo haina msingi wa kisayansi.

Hebu tukitazame kibuyu chake. Utomvu utokao katika karara changa la mnazi lililokatwa ncha una sukari nyingi. Hilo ndilo tembo tamu. Hamira zilizobaki kibuyuni huanza kuila sukari hiyo papo hapo, zikatoa alkoholi na hewa ya ukaa, ndiyo sababu ya lile povu. Baada ya saa kadhaa tembo huwa kali. Likiachwa siku chache, bakteria huigeuza alkoholi kuwa asidi ya siki. Mwonjaji hodari huyasoma mabadiliko hayo yote pasipo maabara. Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nami nauliza, ni nani aliyeyatambua maji hayo?

Ulimi hutambua ladha chache tu: tamu, chumvi, chachu, chungu, na ile ya mchuzi wa nyama iitwayo umami. Mengine ni kazi ya pua, yenye vipokezi vya aina zipatazo 400. Linda Buck na Richard Axel walitangaza ugunduzi wa jeni zake mwaka 1991, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2004.

Ndugu mwalimu, somo hili halihitaji kileo, wala haifai kuwapa vijana, tena katika kisiwa chenye Waislamu wengi. Dafu, asali ya mnazi na siki iliyozimuliwa vyatosha. Vikombe vipewe namba tu. Wanafunzi wabane pua, waonje, waandike. Kisha waachie pua na kuonja tena.

Hata hivyo, ulimi una mpaka wake. Methanoli hufanana mno na alkoholi ya kawaida kwa harufu na ladha, lakini mwilini hugeuka kuwa asidi ya fomiki, ambayo hupofusha na kuua. Mwezi Novemba 2000, jijini Nairobi, pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100. Ajigambaye kuwa ataitambua gongo yenye sumu kwa kuionja anajidanganya, na kijana asikie hayo darasani kabla hajayasikia kilabuni.