Kule Juu Walijenga Nani?

Muhula uliopita mhadhiri alituonesha picha ya kijiji cha kale cha Italia: nyumba za mawe zimebanana juu ya kilima, ukuta umezizunguka. Darasa zima likaguna kwa kusifu. Mimi nikachungulia dirishani. Uluguru ule pale na vijiji vyake, na tangu niingie chuo sijapewa swali hata moja juu yake.

Wanachuo wenzangu, hasa tunaosomea ualimu, kesho tutafundisha nini?

Hapa hapa Morogoro, karne ya 19, Kisabengo alijenga mji wenye ukuta, akaja kutawala binti yake, Simbamwene. Stanley alipopita mwaka 1871 alikuta minara ya mawe kwenye pembe nne, na malango manne yenye milango ya mbao iliyochongwa. Mwaka uliofuata mto ulifurika, ukazoa sehemu ya ukuta na nyumba nyingi. Leo kwa wengi wetu Simbamwene ni jina tu.

Mlimani kwenyewe hakuna minara. Jumamosi moja nilipanda hadi Choma, nikamkuta bibi mmoja nje kwake. Akanieleza: kwanza unachimba mteremko upate uwanja, ndipo unasimamisha miti na kukandika udongo. Zamani waliezeka nyasi, siku hizi bati.

"Bibi, kiwanja hiki alikiacha babu?"

Akacheka. "Cha mama yangu, mjukuu wangu. Na cha mama yake."

Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi ni ya ukoo. Kumbe ukijua nani kajenga wapi, umeshaanza kuzisoma koo zenyewe. Hicho ni kipindi kizima cha historia, na mwanafunzi anakwenda kwa miguu.

Mtaniambia mawe ya Italia yamedumu, udongo haudumu. Kweli kabisa, ndiyo maana tuwahi. Napendekeza hivi: badala ya insha tunazonakili mtandaoni, kila mwanafunzi wa ualimu apewe nyumba moja. Aombe ruhusa, aipime, aichore, amsikilize mwenyewe, kisha nakala ziwekwe maktaba na nyingine zirudi kijijini. Gharama yake ni daftari, futi kamba na nauli.

Mwakani nitasimama mbele ya darasa. Mtoto akinyoosha kidole kuelekea mlimani akaniuliza, "Mwalimu, kule juu walijenga nani?", sitaki kumjibu kwa picha ya Italia.