Tamko la Vijana wa Mialo ya Muleba Kuhusu Shukrani, Uokoaji na Maisha ya Ziwani

Ndugu wananchi, viongozi wetu wa vijiji na kata, wazee wa mialo, mama zetu waanikaji na wachuuzi, nanyi nyote mnaokula sangara, sato na dagaa wa Ziwa Victoria,

Sisi vijana wa mialo ya Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, wavuvi, mafundi wa mitumbwi, wabebaji na wachuuzi, tumekutana katika umoja wetu tukajadili jamii inavyomshukuru kijana anayeokoa watu ziwani, na kijana huyo anavyoishi baada ya kushukuriwa. Mjadala ulikuwa mrefu, na palipotokea ubishi tulibishana kweli. Yafuatayo ndiyo tuliyokubaliana yasemwe hadharani.

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 iliangukia ziwani ilipokuwa ikijiandaa kutua Bukoba. Waliowahi kufika ni wavuvi. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alisimulia kwamba alitumia kasia kuufungua mlango wa nyuma. Watu 24 waliokolewa, 19 walifariki dunia. Majaliwa mwenyewe alipoteza fahamu katika kazi hiyo na kupelekwa hospitali. Serikali ilimzawadia shilingi milioni moja, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Tulifurahi sana siku ile. Huku mialoni watu walikuwa wakipigiana simu kana kwamba kila nyumba imepata mtoto mmoja jeshini.

Shukrani zile zilikuwa za haki na tunazirudia. Ila baada ya furaha kupoa, wengi wetu tulibaki tukilitazama lile kasia. Mvuvi hulibeba kasia ili mtumbwi uende. Siku ile ndilo lililokuwa kifaa cha uokoaji, kwa sababu mikononi mwa walio karibu hakikuwepo kingine. Taifa lilimshukuru kijana, na lilifanya vyema. Mwalo alikotoka kijana, na mamia ya mialo inayofanana nao, haukupata hata kamba.

Haikuwa mara ya kwanza kwa wavuvi kuwa waokoaji. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa na uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka kikiwa kimebakiza hatua chache kufika Bwisya, kisiwani Ukara, siku ya mnada. Waliokufa walizidi 220. Huko nako wavuvi na wakazi wa pale walikimbilia majini na mitumbwi yao. Tukirudi nyuma zaidi, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikielekea Mwanza ikiwa na ndugu zetu wa mkoa huu waliopandia Bukoba na Kemondo, na hesabu ya serikali ikapita watu 800. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa. Tumelelewa na waliofiwa, na hadi leo wapo wazazi huku wanaoona heri wazunguke kwa basi kuliko kukanyaga meli.

Misiba hiyo mitatu inajulikana kwa sababu ilikuwa mikubwa. Usiojulikana ni ule wa mtu mmoja mmoja. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likitaja makadirio ya watu 3,000 hadi 5,000 wanaokufa kila mwaka katika ziwa hili la nchi tatu. Wengi wao hawafi kwa ndege wala kwa meli. Wanakufa kwa mtumbwi, usiku, wakitafuta dagaa, na habari zao haziendi mbali zaidi ya kisiwa chao.

Kwa wasioijua kazi hii, tuwaeleze kidogo. Dagaa huvuliwa katika giza. Mbalamwezi ikiwa kali, samaki hawakusanyiki kwenye taa, na mwalo hupumzika. Giza likirudi, mtumbwi hutoka jioni ukiwa na watu wanne au watano: nahodha, wavuta nyavu, mwangalizi wa taa, na mmoja wa kukumba maji. Taa zenyewe siku hizi ni za sola. Karabai zimebaki chache. Anayekumba maji aghalabu ndiye mdogo kuliko wote. Hukaa chini kabisa na kopo lake, magoti ndani ya maji, akichota na kumwaga usiku kucha, kwa kuwa mtumbwi wa mbao huvuja hata ukiwa mzima. Mtoto huyo ndiye asiyeona dhoruba ikija, maana macho yake yako kwenye kopo. Mtumbwi ukitota, yeye ndiye aliyechoka zaidi, na mara nyingi ndiye asiyejua kuogelea. Watu wa mjini hushangaa kusikia mvuvi hajui kuogelea. Wapo wengi. Maji wanayoyafanyia kazi hawakuwahi kufundishwa kuyavuka. Badala ya jaketi okozi wanafunga dumu tupu kwenye mtumbwi, na dumu moja halitoshi watu watano.

Na dhoruba za ziwa hili zina saa zake. Usiku nchi kavu hupoa, maji yakabaki na joto. Pepo hutoka pande zote za pwani zikakutana katikati ya ziwa, mawingu yakapanda, radi zikaanza. Yaani ziwa huchafuka saa zile zile ambazo mvuvi wa dagaa yuko kazini. Wazee wetu waliyajua haya kwa kutazama wingu na kusikiliza upepo. Mamlaka ya Hali ya Hewa inayajua kwa mitambo, na hutoa utabiri wa ziwa. Kati ya elimu hizo mbili amesimama kijana mwenye simu iliyoisha chaji, hana habari ya wingu wala ya utabiri.

Mtu akizama, mwalo husimama. Hakuna anayevua. Vijana huzunguka na mitumbwi mchana kutwa, wazee hukaa ufukweni, na siku ya pili au ya tatu, mwili ukiibuka, tunazika. Kisha kazi inaendelea. Jina lake haliandikwi popote zaidi ya daftari la rambirambi.

Daftari hilo limebeba shukrani zetu nyingi, na hapa tunataka kuwataja wanaostahili. Tunawashukuru mama zetu wanaoanika dagaa. Mwalo ukipata msiba, wao hawangoji kuitwa. Kila mmoja huleta sado yake ya dagaa, zikauzwa pamoja, na fedha ikanunua sanda, chakula na nauli ya kuwaleta ndugu wa marehemu kutoka alikozaliwa. Kijana aliyekuja kuvua akitokea Kigoma au Mara, asiye na shangazi wala mjomba hapa, huzikwa na mama hao kama mwana wao. Hakuna sheria iliyowaamuru. Tunawashukuru wazee waliotufundisha kupindua mtumbwi uliotota na kuushikilia bila kuuacha. Tunawashukuru wahudumu wa zahanati za visiwani wanaoamshwa usiku na kuamka. Tunawashukuru walimu ambao, wakiona dawati liko wazi, huja hadi mwaloni kumtafuta mwanafunzi katikati ya ndoo na nyavu, wakijua watatukanwa na matajiri wenye mitumbwi.

Tunaishukuru pia Serikali kwa yaliyofanyika. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, lililozinduliwa Juni 2025, limewaondolea wasafiri wa Kanda ya Ziwa foleni ya kivuko iliyowala miaka. Anayesema halikufanyika lolote hasemi kweli.

Lakini vijana tumechoshwa na aina moja ya shukrani: ile tunayoagizwa kuitoa ili tunyamaze. Kijana akiuliza boti ya uokoaji iko wapi, huambiwa ashukuru kwa yaliyopo. Akiuliza fedha za mwalo zimekwenda wapi, huambiwa vijana wa siku hizi hawana adabu. Ushuru tunalipa sisi kwa kila ndoo inayopanda juu, na leseni tunakata. Kilichonunuliwa kwa fedha hiyo si hisani ya mtu yeyote, na kukiulizia si utovu wa shukrani. Tukiitwa kuchimba kaburi tunafika, tukiitwa kubeba jeneza tunafika, na ukifika mkutano wa kijiji tunaambiwa tukae nyuma tusikilize. Sheria inampa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea nafasi katika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Haisemi akae nyuma.

Kwa sababu hiyo tunatamka kama ifuatavyo.

Tunaiomba Halmashauri yetu, na halmashauri zote zinazopakana na ziwa, zitenge katika bajeti fedha za vifaa vya uokoaji kwa kila mwalo unaotambuliwa: kamba, maboya, taa za kuashiria, jaketi okozi za akiba na mtumbwi mmoja wenye injini ambao kazi yake ni hiyo tu. Hatuombi meli. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114 na tunaijua. Swali letu ni hili: mvuvi akitota karibu na kisiwa cha Goziba usiku wa manane, hata simu yake ikishika mtandao, boti ya kumfikia itang'oa nanga wapi na itafika saa ngapi. Anayeweza kumfikia akiwa hai ni jirani yake mwenye mtumbwi. Basi jirani huyo na apewe vifaa na mafunzo. Kama Majaliwa mmoja alistahili kuingizwa jeshini kwa ujasiri wake, vijana wawili au watatu wa kila mwalo wanastahili kufundishwa kuogelea, huduma ya kwanza na kumtoa mtu majini kabla msiba haujafika.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya vijana, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Tunaomba vikundi vya mialo viruhusiwe kukopa kwa ajili ya jaketi okozi na ukarabati wa mitumbwi, si nyavu na injini pekee. Afisa anayepitia andiko la mradi hupenda kuona faida kwa mwezi. Mvuvi aliye hai ndiye anayerejesha mkopo.

Kila ofisi ya BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, ifungue daftari la waliozama: jina, umri, alikotoka, tarehe, hali ya hewa ilivyokuwa, kama alivaa jaketi au la. Ni kazi ya kalamu na nusu saa, na bila daftari hilo hakuna anayeweza kubishana na mpanga bajeti. Katika ofisi hiyo hiyo utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ubandikwe kabla ya saa kumi jioni, na bendera nyekundu ipandishwe siku ya hatari, ionekane hata na asiyejua kusoma.

Wenye mitumbwi tunawaambia kwa heshima, maana wengi wao ni baba zetu na wengine ni wanachama wenzetu: mtumbwi unaotoka bila jaketi kwa kila mtu hatutaupanda. Neno hili ndilo lililotuchukua muda mrefu kuliko yote katika kikao, kwa kuwa kukataa mtumbwi mmoja usiku wa giza zuri ni kukosa chakula cha siku kadhaa. Kura ilipigwa na ikapita. Tumekubaliana pia kwamba anayekataa mtumbwi kwa sababu hiyo atalishwa na mfuko wa umoja wetu hadi atakapopata nafasi kwingine. Kadhalika, hatutakwenda ziwani na mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi hatarishi, na kukumba maji usiku katikati ya ziwa ni hatari isiyohitaji kufasiriwa na wakili. Mzazi anayeona hana njia isipokuwa kumtuma mwanawe mwaloni aje kwetu kwanza. Tutazungumza na mwalimu, na penye uhitaji wa daftari au sare tutachanga.

Ipo pia biashara ya siri ya samaki kwa mwili, ambayo kila mtu mialoni anaijua na wachache wanaitaja. Mwanamke asiye na mtaji hulazimishwa kulala na mvuvi ndipo auziwe dagaa. Ni aibu yetu wanaume, na imeleta magonjwa na yatima katika visiwa vyetu. Mwanachama wetu atakayethibitika kufanya hivyo atafukuzwa, na jina lake litasomwa mbele ya mwalo mzima.

Tarehe 25 Julai ya kila mwaka ni Siku ya Kuzuia Kuzama Maji Duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2021. Kwa Muleba tunapendekeza siku hiyo isipite kwa fulana na hotuba. Mitumbwi yote ikaguliwe ufukweni, inayovuja ipakwe lami na kuzibwa bure na mafundi wetu ambao wamekwisha kujitolea, na watoto wafundishwe kuogelea mahali penye maji mafupi, wasichana kwa wavulana.

Kwako kiongozi utakayelipokea tamko hili: majibu tunayasubiri katika mkutano wa kijiji ujao, kwa maandishi, na yasomwe kwa sauti. Kwenu vijana wenzetu wa Ukerewe, Sengerema, Chato, Musoma na Rorya, lichukueni, likosoeni, liongezeni ya kwenu, kisha lipelekeni kwenye halmashauri zenu kabla bajeti hazijafungwa.

Limetolewa na Mwenyekiti na Katibu kwa niaba ya wanachama wote, Muleba, Kagera.