Sindano ya Zamani Isitupwe kwa Haraka

Mshonaji wa soko la Owino, jirani na uwanja wa Nakivubo mjini Kampala, hatumii sindano moja kwa vitambaa vyote. Namba 11 huitumia kwa kitambaa chepesi, na namba 16 kwa kitambaa kizito cha jinzi. Cherehani ni ile ile. Kinachobadilika ni sindano. Kijana anayetunga programu za kompyuta naye yampasa awe na busara hiyo.

Na achukuliwe mama mwenye duka la viatu hapo Nakivubo. Mwanawe amemtengenezea daftari la madeni katika kompyuta, nalo huendeshwa na Node.js toleo la 18. Kisha kijana apata kazi nyingine inayodai toleo la 22. Akilifuta la zamani na kuweka jipya mahali pake, daftari huenda likakataa kufunguka, kwa kuwa baadhi ya vipande vyake viliundwa kufuatana na toleo la kwanza. Wateja wamesimama mlangoni, na mama hajui nani anadaiwa nini.

Dawa ipo. Katika mfumo wa Linux hutumika programu iitwayo nvm, iliyoanzishwa mwaka 2010, ambayo huweka kila toleo katika chumba chake. Amri «nvm install 22» huleta toleo jipya bila kuligusa la zamani. Amri «nvm use 18» humrudisha kijana kwenye la zamani, katika dirisha lile la amri tu. Namba ikiandikwa katika faili liitwalo .nvmrc ndani ya folda ya daftari, yatosha kuandika «nvm use» peke yake. Na kwa kuwa toleo lililokwisha kupakuliwa hubaki katika kompyuta, kubadilisha hakuli bando tena.

Hata hivyo, ya zamani haifai kutegemewa milele. Toleo la 18 lilitoka mwaka 2022, na watunzaji wake wakaliacha Aprili 2025. Tundu la usalama likionekana leo, wao hawalizibi. La 22 limepangiwa matunzo hadi Aprili 2027.

Kwa hiyo yampasa kijana kulinakili daftari kwanza, kisha kuijaribu nakala hiyo chini ya toleo jipya jioni, duka likiwa limefungwa. Ikikubali, ndipo ahame. Ikikataa, asubuhi mama atafungua duka kwa toleo la zamani, na madeni yake yote yangalipo.