Nitajie Mpiga Drams Mmoja Tu!

Wiki hii naanza na mtihani mdogo, na hakuna kuchungulia kwa jirani. Ule wimbo wa Sina Makosa wa Les Wanyika unaujua? Swali gani tena hilo! Hata wewe uliyezaliwa miaka ishirini baada ya wimbo kutoka, ukipigwa harusini lazima uweke soda chini uinuke. Haya, aliyekuwa anapiga drams mle ni nani?

Kimya. Nilijua tu.

Usione haya, hauko peke yako. Nchi nzima hii ni mabingwa wa kutaja waimbaji. Wacharaza magitaa ya solo nao tunawapa majina ya sifa. Ila yule jamaa wa nyuma kabisa, anayetoka jasho usiku kucha ili wewe kiuno chako kipate amri, huyo hatuna habari naye. Ukimkuta kesho yake kwenye daladala utamkanyaga na pole usimpe.

Swali hili nilitupiwa mwezi uliopita kule Soni. Kwa msomaji wangu wa Sinza au Magomeni ambaye milima anaiona kwenye kalenda: ukifika Mombo unaiacha barabara kuu, unaanza kuipanda Usambara. Njia inajinyonganyonga, huku mwamba, huku korongo, na wewe unasali dini zote. Kabla hujafika Lushoto unakutana na maporomoko ya maji, kijibaridi, na malori yanayopakia kabichi na karoti. Hapo ndipo Soni, na hapo ndipo alipoolewa dada yangu.

Sasa dada yangu ana kijana wake, mpwa wangu wa damu, miaka ishirini na moja. Siku za kazi anapakia kabichi kwenye malori. Jumamosi anapiga drams kwenye harusi, kwa vyombo vya kukodi. Hajasomea popote. Alianza na ndoo na masufuria ya mama yake, na mama yake anasema mpaka leo kuna sufuria haikai sawa jikoni. Lakini kijana anajua! Juzi bendi moja ya Tanga mjini imemwona kwenye harusi, ikamwambia ateremke akajiunge nao. Baba mtu kakataa katakata.

Wakaniita mimi mjomba, eti kwa vile naandika gazetini.

"Shemeji," akaniambia baba mtu, chai ya tangawizi mkononi, "sina ugomvi na muziki. Baba yangu alicheza mdumange mpaka uzeeni. Ila wewe ndiye mtu wa magazeti. Nitajie mpiga drams mmoja tu aliyevuma. Mmoja tu, mtoto aende."

Mimi huyo, bila kusita: "Remmy Ongala."

"Remmy?" akacheka. "Remmy si mwimbaji na mpiga gitaa, shemeji!"

Nikamwambia subiri nikupe historia. Remmy kazaliwa mwaka 1947 kule Kindu, mashariki ya Kongo. Mwaka 1964, bado kinda, alikuwa na bendi ya Bantu Success mjini Kisangani, na kazi yake ilikuwa kuimba na kupiga drams. Gitaa lilimkolea baadaye. Akazunguka na bendi za Kongo na Uganda, ikiwemo Grand Mickey Jazz, mpaka mwaka 1978 akatua Dar es Salaam kwenye Orchestra Makassy ya mjomba wake. Akatoka hapo akaenda Matimila, ile tuliyokuja kuiita Super Matimila. Mwaka 1988 akaingia nayo Ulaya kwenye maonyesho ya WOMAD, na baada ya hapo santuri zake zikatolewa Uingereza na Real World. Alifariki Desemba 2010, lakini mpaka leo ukipanda daladala unasikia konda anaita "Sinza kwa Remmy!" Mtu kageuka kituo cha basi, jina gani tena unataka?

Shemeji akanywa chai yake taratibu. Hawa Wasambaa hawana haraka.

"Hadithi nzuri," akasema. "Lakini umejijibu mwenyewe. Jina alilipata alipoinuka kwenye kile kiti akaenda mbele kwenye maikrofoni. Mimi nataka yule aliyebaki kimekaa."

Kijana akainamisha kichwa. Mwalimu wa siasa huyu shemeji yangu!

Hapo ndipo nikamtoa Rashid Juma. Naye, kwa taarifa yenu, ndiye jibu la ule mtihani wa juu.

Mzingatie vizuri, maana hadithi inaanzia huku huku mkoani Tanga. Ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, walikuwa na Jamhuri Jazz ya Tanga tangu mwaka 1966. Wakahamia Arusha, kisha mwaka 1971 wakatia nanga Nairobi na kuanzisha Simba Wanyika. Bendi ikawa moto kwelikweli. Nyuma ya ndugu hao kulikuwa na watu watatu ambao wapenzi wa ukumbini hawakuwahangaikia sana: Omar Shabani kwenye gitaa la rithimu, Tommy Malanga kwenye besi, na Rashid Juma kwenye drams.

Novemba 1978 watatu hao wakafunga virago kwa mpigo, pamoja na mwimbaji Issa Juma. Wakaanzisha Les Wanyika, wakamkaribisha Mtanzania mwenzao John Ngereza. Na haukupita muda mrefu, Sina Makosa hiyo hapo, kutoka Nairobi mpaka kwenye kila redio ya mkulima wa Usambara.

Sasa jiulize kidogo. Bendi changa, haijaota hata meno, inapataje wimbo uliokomaa namna ile? Kwa maoni yangu jibu ni moja: waliohama walikuwa miguu ya bendi. Mwimbaji ukimpoteza unatafuta mwingine, nyimbo zitabadilika sauti. Lakini besi, rithimu na drams wakiondoka pamoja, wameondoka na mwendo. Wale watatu walikuwa wamezoeana usiku baada ya usiku. Mmoja akivuta pumzi mwenziwe anajua anataka kwenda wapi. Ndiyo maana ukiisikiliza ile ngoma ya Rashid Juma haina fujo hata chembe. Haitafuti sifa. Anaweka pigo mahali pake, anawaachia wenye magitaa waongee, nawe mguu unagonga sakafu bila kuulizwa. Kina Kinyonga nao hawakufa njaa, waliendelea na Simba Wanyika mpaka miaka ya 1990. Ila ilibidi watafute miguu mingine.

"Kwa hiyo kuna bendi mbili kubwa," nikamalizia, "na mpiga drams ni huyo huyo mmoja, kiti ni kile kile. Hilo nalo si jina, shemeji?"

"Ni jina," akasema, "ila wangapi wanalijua?"

Kijana wa kazi ngumu akakohoa, akaomba kusema. "Mjomba, na yule mzee kipofu wa taarifa ya habari?"

Nilitamani nimkumbatie. Mzee Morris Nyunyusa! Mzee haoni, amezungukwa na ngoma chungu nzima anazipiga zote peke yake, na ndizo zilizokuwa zinafungua taarifa ya habari ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Huko nyuma nchi nzima ilikuwa inanyamaza kwa mlio wa mikono yake. Mtoto analia, baba anasema shsh! ngoma hizo. Hakuna mwimbaji aliyewahi kusikilizwa kwa utii namna hiyo.

Na tukiongezea, hebu angalieni mambo yetu wenyewe. Bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz mtindo wake ni Msondo. Mlimani Park, iliyozaliwa 1978, mtindo wake ni Sikinde. Msondo ni nini? Ni ngoma. Sikinde ni nini? Ni ngoma ya Wazaramo. Yaani jina la bendi tunalichukua ngomani, mashabiki wanatupiana vijembe miaka na miaka kwa majina ya ngoma, halafu mpiga ngoma mwenyewe tunamwita "yule jamaa wa nyuma". Haki iko wapi?

Shemeji akaweka kikombe chini. Hapo ndipo likatoka la moyoni.

"Shemeji, jina sili. Mimi nauliza, huyu akifika miaka sitini, mikono imechoka, atakuwa na nini?"

Hapo, wapenzi, utani ukaisha. Maana ndilo swali lenyewe. Bendi zetu nyingi za zamani zilikuwa mali ya shirika, jeshi, chama au tajiri fulani. Vyombo vya mwenye bendi, mwanamuziki ana mshahara wake tu. Siku ukigombana na bosi, mpiga gitaa anaweza akawa na gitaa lake akalibeba begani. Mpiga drams atabeba nini? Hiyo ngoma ya mguuni na matoazi atayapakia basi gani? Anaondoka na vijiti viwili na mikono yake. Ndiyo sababu wengi walihamahama, kutafuta penye mshiko na penye vyombo vizima.

Lakini kuna kitu wale wazee hawakuwa nacho. Tangu mwaka 1999 Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Hiyo hakimiliki ni ya mtunzi, kila mtu anaijua. Hakishiriki ndiyo inamhusu jamaa yetu: inamtambua hata yule aliyepiga bila kutunga. Ila sheria haitakutafuta Soni. Lazima jina lako liwe kwenye karatasi.

Basi tukakaa, sisi wanaume watatu na dada yangu ambaye ndiye mwenye akili humo ndani, tukaandika masharti. La kwanza: mkataba wa maandishi, siyo "tutaelewana". La pili: kila wakirekodi, jina la kijana liandikwe kwamba drams kapiga fulani. La tatu, la dada yangu: kila mwezi atenge kitu, hata kidogo, mpaka anunue drams zake mwenyewe, moja moja, leo toazi, kesho ngoma. Shemeji akayasoma mara mbili. Akasema, "Mwaka mmoja. Usipoona kitu, kabichi zinakungoja."

Bendi imesaini. Kijana kateremka Mombo na basi la alfajiri, vijiti kwenye begi, na ile sufuria mbovu kapewa na mama yake akapikie.

Sasa nigeukie kwenu nyie mnaojimwaga kumbi za mjini kila wikiendi. Nawaona! Bendi ikikolea unainuka na noti, unampachika mwimbaji kwenye paji la uso, unapiga picha, unarudi kiti kirefu kama waziri. Safari ijayo jaribu kimtindo tofauti. Pita pembeni ya jukwaa, zunguka mpaka nyuma kwenye giza kule. Muulize jina lake. Halafu hiyo noti mchomekee mfuko wa shati, maana mikono yake haina nafasi, imekushikia wewe mwendo.

Tukutane wiki ijayo.