Msitu usiohitaji gari, mbona hatuuendei?



Nami nina maoni yangu juu ya huu utalii wa ndani tunaohimizwa kila siku redioni na magazetini. Wito wenyewe ni mzuri na ninauunga mkono. Lakini picha zinazoambatana nao ni zile zile: simba wa Serengeti, theluji ya Kilimanjaro, na magari yaliyofunguliwa paa. Mkulima wa Rungwe au mwalimu wa Makambako akiziona anageuza ukurasa, kwani anajua hana gari la namna hiyo wala fedha za kulikodi.

Kinachonishangaza ni kwamba hatuelezwi habari za hifadhi ambayo haihitaji gari kabisa. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992. Ina kilomita za mraba 1,990, sehemu yake ikiwa Iringa na sehemu Morogoro. Ndani yake hakuna barabara za kuzungukia wanyama. Mgeni, awe na dola au shilingi, anakwenda kwa miguu pamoja na kiongozi wa njia. Lango la Mang'ula liko kando ya barabara ya Mikumi kwenda Ifakara, na basi la kawaida linakushusha hapo.

Mimi nilikwenda mwaka jana. Kwanza niliuliza katika kampuni moja ya utalii hapa mjini Mbeya, nikajibiwa kwamba wao hushughulika na wageni tu. Basi nikapanda basi. Tulipanda hadi maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake huanguka jumla ya mita 170. Ndani ya msitu ule mchana ni kama jioni, majani yanadondosha maji hata kama mvua haikunyesha, na huko juu unawasikia nyani waitwao ng'olaga, ambao wataalamu waliwatambua mwaka 1979 tu na hawapatikani popote duniani nje ya milima hiyo. Magoti yalitetemeka wakati wa kushuka, lakini sijapata kupumzika vizuri namna ile! Katika kundi letu la watu tisa, ukimwondoa kiongozi, Mtanzania nilikuwa peke yangu.

Jioni nilizungumza na mama mmoja anayeuza ndizi karibu na lango. Amezaliwa hapo na amezeeka hapo. Nilipomwuliza kama amewahi kuyaona maporomoko, alicheka. Kumbukumbu yake ya msitu ni kuni. Hadi mwaka 2011 wanavijiji waliruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni kavu, kisha ruhusa hiyo ikaondolewa ili kuulinda msitu. Sisemi uamuzi ule ulikuwa mbaya. Mito inayoshuka kutoka milima ile ndiyo inayonywesha mashamba ya miwa na mpunga katika bonde la Kilombero, na msitu ukiisha hata huyo mama atakosa ndizi za kuuza. Ninalosema ni kwamba tangu siku ile msitu kwake ni mahali alipokatazwa, basi. Mtu ambaye anaijua hifadhi kwa makatazo tu, tunategemea kweli atakwenda kumtaja jirani yake anayetega mitego usiku?

Huku kwetu Mbeya hali si tofauti sana. Mwaka 2003 watafiti walimwona kwa mara ya kwanza kipunji katika misitu ya Mlima Rungwe, na mwaka 2006 ikathibitika kwamba ni jenasi mpya kabisa ya nyani. Dunia nzima ilishangaa, kumbe wawindaji wa Kinyakyusa walikwisha kuwa na jina lake, na ndilo wataalamu walilolichukua. Lakini waulize vijana wa sekondari hapa mjini, wengi watakutajia tembo na twiga. Ziwa Ngozi, lililomo ndani ya shimo la volkano na kuzungukwa na msitu mnene, liko karibu kabisa na barabara ya Tukuyu, na hata huko wengi wetu hatujafika.

Wapo watakaosema kwamba shida ni umaskini. Ni kweli kwa kiasi. Kutoka Mbeya hadi Mikumi peke yake ni zaidi ya kilomita 500, na nauli si mchezo. Lakini hao hao tunajaza mabasi kwenda harusini Dar es Salaam na kuchanga fedha za kadi na sare. Nadhani bado tuna kasumba kwamba kutembea msituni bila jembe wala shoka ni kazi ya Wazungu.

Napendekeza Shirika la Hifadhi za Taifa litangaze nauli na viingilio vya Udzungwa na Kitulo kwa shilingi, kwa Kiswahili, katika vituo vya mabasi vya Mbeya, Njombe na Iringa. Shule zetu zianze na Ngozi na Rungwe kabla ya kuota Ngorongoro. Na itengwe siku moja kila mwaka kwa wanavijiji wa Mang'ula na Sanje, waingie bila kiingilio, wapande mpaka kwenye maporomoko. Je, wahusika mnasemaje?

Mpanda Milima,
Mbeya.