Chuma Kikianguka Kutoka Angani Kwa Shamba Lako, Nani Atalipa? Somo la Ile Pete ya Makueni

Hebu vuta picha, msomaji. Ni Desemba 30, 2024. Krismasi imeisha, nauli ya ushago imekausha mfuko, na kila mtu anapiga hesabu ya vile atavuka mwaka. Kule kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, ni kama saa tisa mchana na jua la Ukambani linafanya kazi yake. Mara mngurumo, halafu kishindo. Watu kutoka mbio kuangalia, wanapata pete kubwa ya chuma imelala vichakani, bado ina moto.

Na hii si pete ya kuvisha mtu kidole. Kipenyo chake ni mita 2.5 na uzito karibu kilo 500. Nusu tani, buda! Hiyo ni kama ng'ombe wa gredi aliyeshiba akianguka kutoka mawinguni.

Makarao walifika wakazingira mahali, kisha Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, likaja kubeba mzigo. Januari 1, 2025 likatoa taarifa: hiyo ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi, na kwa kawaida vitu vya aina hiyo hutengenezwa viungue vikirudi duniani au viangukie mahali pasipo na watu, kama baharini. Sasa wewe niambie, Mukuku na bahari ni wapi na wapi?

Mungu ni nani, hakuna aliyeumia. Mitandaoni tukacheka vile ni kawaida yetu, wengine wakasambaza stori ati Kenya inadai India fidia, mpaka KSA ikatoka kukana. Baada ya wiki chache tukarudi kwa siasa na mpira. Lakini kuna swali tuliliacha pale vichakani, na ni swali la doo: ile pete ingeangukia nyumba, darasa ama soko, nani angelipa?

Kwani huko juu kuna nini?

Kuna takataka, tena mob. Kila roketi ikipeleka setilaiti, kuna sehemu zake zinazobaki zikizunguka dunia: matangi, vifuniko, pete kama hiyo. Ongeza setilaiti zilizokufa na vipande vya zilizogongana. Shirika la anga la Ulaya, ESA, linakadiria kwamba vipande vinavyozidi sentimita moja ni zaidi ya milioni 1.2. Na kwa hesabu yao ya 2025, setilaiti nzima ama mwili mzima wa roketi hurudi duniani zaidi ya mara tatu kwa siku.

Mwingi wa huo mzigo huungua ukigonga hewa. Lakini chuma kigumu kinachostahimili joto, kama titani, kinaweza kufika chini. Na kujua kitafikia wapi ni noma. Kitu kilicho kwenye mzunguko wa chini hukimbia karibu kilomita 28,000 kwa saa. Ukikosea muda wake wa kuanguka kwa dakika 10 tu, umekosea mahali kwa zaidi ya kilomita 4,000. Hiyo ni kutoka Makueni hadi nje ya Afrika. Jua nalo likichafuka, hewa ya juu inavimba na kuvuta vitu chini mapema kuliko ilivyotarajiwa. Kwa hivyo usitarajie kupigiwa simu uambiwe utoe mbuzi nje.

Na sisi si wa kwanza. Mei 2020, vipande vya roketi ya China viliangukia vijiji vya Ivory Coast, kimoja kikiwa bomba refu la chuma. Machi 2024, kipande cha karibu gramu 700 kutoka kituo cha anga cha kimataifa kilitoboa paa la nyumba kule Naples, Florida, kikapenya hadi orofa ya chini. Wenyewe hawakungoja huruma. Walitafuta wakili, wakaiandikia NASA wakidai dola 80,000.

Sheria iko, tena kali

Hapa ndipo wengi hushangaa. Kuna mkataba wa kimataifa wa 1972 kuhusu dhima ya uharibifu unaosababishwa na vyombo vya anga, na Kenya ni mwanachama. Mkataba huo hauzunguki mbuyu. Chombo chako kikiharibu kitu ardhini, unalipa. Haijalishi ulikuwa makini ama ulizembea. Mwathiriwa hahitaji kuthibitisha kosa, anahitaji kuonyesha tu kwamba mzigo ni wako na hasara imetokea.

Lakini kuna mambo matatu ya kushika. La kwanza, chini ya mkataba huo wewe binafsi huwezi kwenda kudai. Ni serikali yako inayodai serikali nyingine, kupitia mabalozi. Mama wa Mukuku akivunjiwa nyumba, kesi yake inabebwa na Nairobi. Nairobi ikilala, naye amelala nje.

La pili ni muda. Dai linatakiwa kupelekwa ndani ya mwaka mmoja tangu hasara itokee, ama tangu nchi iliyorusha ijulikane.

La tatu ndilo shida yote: lazima ujue mwenye mzigo.

Canada ilikula, Australia ikacheka

Tuone vile wengine walifanya. Januari 24, 1978, setilaiti ya Urusi ya Kisovieti, Kosmos 954, ilianguka kaskazini mwa Canada. Ilikuwa na mtambo wa nyuklia ndani, kwa hivyo vipande vyenye mionzi vilitapakaa kwenye theluji. Canada haikupoteza muda na vikao. Ilitafuta vipande pamoja na Wamarekani, ikavipima, ikaandika kila senti iliyotumia. Kisha ikapeleka bili ya zaidi ya dola milioni 6 za Canada. Moscow ilivuta vuta, na mwaka wa 1981 ikakubali kulipa milioni 3. Nusu ya bei, lakini chapaa ilitoka.

Mwaka uliofuata baada ya kisa hicho, Julai 1979, kituo cha anga cha Marekani, Skylab, kilianguka na vipande vikafika Australia Magharibi. Halmashauri ya Esperance ikaipiga NASA faini ya dola 400 kwa kutupa taka ovyo! Ilikuwa utani, na NASA haikulipa. Mtangazaji mmoja wa redio Marekani ndiye aliyechanga na wasikilizaji wake wakalipa mwaka 2009, miaka 30 baadaye.

Tofauti ya visa hivyo viwili ni makaratasi. Canada ilikuja na vipimo na risiti, Esperance ilikuja na kichekesho.

Sasa Makueni je?

Wakati tulikuwa tunacheka, wataalamu wa nje wanaofuatilia vitu vya angani walikuwa wanapekua rekodi. Mmoja wao, Mholanzi Marco Langbroek, aliangalia ni kitu gani kilikuwa kinarudi duniani siku hiyo na kikipita upande wetu. Akataja kipande cha roketi ya Ulaya ya Ariane iliyorushwa 2008. Jonathan McDowell, mwanaastronomia anayeheshimika kwa kuhesabu vitu vya angani, kwanza alisita hata kukubali kwamba pete hiyo ilitoka anga za juu.

Umeona hapo? Watu wawili wanaojua kazi, maoni tofauti. Dhana hata iwe safi vipi, si ushahidi wa kupeleka ubalozini. Unahitaji chuma chenyewe kichunguzwe, namba zisomwe, aina ya madini ilinganishwe na ya mtengenezaji, kisha ilingane na njia ya kitu kilichokuwa kinaanguka saa hiyo hiyo. Mkataba ni mtamu, lakini bila jina la mwenye mzigo ni kama risiti isiyo na jina la duka.

Na ukweli mchungu ni huu: nani alituambia njia ya kitu hicho? Rekodi zilizotumika ni za Marekani, wachambuzi wako Ulaya na kwingineko. Kitu kimeanguka kwetu, lakini stori yake tunasimuliwa na wageni. Nchi ikikosa macho yake angani itabaki kuomba jirani aisomee barua, hata kama barua inamdai huyo jirani.

Usidhani sisi ni watazamaji tu

Kuna upande mwingine wa shilingi, na wengi hawauongelei. Kenya imekuwa kwa hii game kitambo. Desemba 12, 1970, Jamhuri Dei, setilaiti iliyobatizwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani iliyotengenezewa kuchunguza miale ya eksirei angani tu, na data yake ilisaidia wanasayansi kuamini kwamba mashimo meusi yapo kweli. Waitaliano na Wamarekani walirusha roketi pale hadi 1988. Kwa nini Malindi? Kwa sababu tuko karibu na ikweta, ambapo mzunguko wa dunia unaipa roketi msukumo wa bure kuelekea mashariki, na mbele ni Bahari Hindi tupu.

Halafu Aprili 15, 2023, tukapeleka Taifa-1, setilaiti yetu ya kupiga picha za ardhi, kwa roketi ya SpaceX kutoka California.

Sasa shika hapa. Ule mkataba wa 1972 unasema anayewajibika si mwenye roketi peke yake. Ni nchi iliyorusha, nchi iliyoagiza kurushwa, na pia nchi ambayo ardhi ama mitambo yake imetumika. Maana yake, kila mara tukisikia viongozi wakipiga stori ya kufufua urushaji pale Pwani, kuna fursa ya kazi na ganji, ndiyo. Lakini roketi ya mgeni ikiruka kutoka kwetu na kipande chake kiangukie kijiji cha nchi nyingine, bili inaweza kubisha mlango wa Nairobi pia. Huo ni mzigo wa mlipa ushuru, yaani wewe. Kabla ya kukata utepe, tuulize bima ni ya nani, na mgeni ameweka dhamana gani.

Tena usisahau intaneti ya setilaiti unayotumia kuangalia muvi ukiwa ushago. Kuna maelfu ya setilaiti nyuma yake, na kila moja ina siku yake ya kurudi. Zimetengenezwa ziungue, sawa. Ile pete pia ilitarajiwa iungue.

Kikianguka kwako, fanya hivi

Usikiguse. Vipande vingine hubaki na mafuta ya roketi yenye sumu, na Canada ilifunza watu kuhusu mionzi. Piga picha kutoka mbali, pamoja na shimo na chochote kilichoharibika. Andika saa kamili, si "mchana hivi", kwa sababu dakika ndizo zinazomfunga mwenye mzigo. Piga ripoti kwa chifu na polisi na uombe namba ya OB. Kama umepata hasara, weka risiti zote.

Na tafadhali, msee wa vyuma kuukuu akija na mizani, mfukuze. Atakupa pesa kidogo, na ataondoka na ushahidi pekee uliokuwa nao dhidi ya serikali ya nchi tajiri. Kilo 500 kwa mizani yake ni hela ya wikendi moja. Ubalozini, zinaweza kujenga nyumba upya.